Nywele Zilizokatika Wiki ya Saba: Uchambuzi wa Kisa cha Nywele za Dawa

Mteja ni binti wa miaka 22, mwanafunzi wa chuo, mkazi wa Tegeta, Dar es Salaam. Alikuwa na nywele za asili mpaka alipomaliza sekondari. Januari aliwekewa dawa ya kunyoosha nywele saluni kwa mara ya kwanza, zikanyooka vizuri na kufika mabegani. Baada ya wiki 5 mizizi ikaanza kuonekana migumu, akanunua boksi la dawa dukani na rafiki yake wa chuo akamritachi, yaani akampaka dawa tena ili kunyoosha mizizi iliyoota. Wiki hiyohiyo akasuka rasta ndogondogo. Alipozifumua, nywele zikaanza kutoka: kwenye kitana, kwenye mto, kwenye kola ya blauzi. Alifika kwenye kiti changu wiki ya 7 tangu ritachi ile. Nywele za kisogoni zilikuwa fupi kuliko kidole na panja zilikuwa zimepungua. Ombi lake lilikuwa moja.

"Dada, nipake tu dawa hapa kwenye mizizi. Zikinyooka zote zitaacha kukatika."

Nilimwambia, "Hapana mdogo wangu, leo sikuwekei dawa. Kaa kwanza tuziangalie."

Ombi hilo nalisikia mara nyingi mno kutoka kwa wanaoanza kuweka dawa, na inaniuma kwamba wengi hukubaliwa wanapokwenda kwingine. Ndiyo maana nakieleza kisa hiki chote, hatua kwa hatua.

Kusoma nywele kabla ya kuzitibu

Kwanza ni kujua kama nywele zinang'oka au zinakatika, maana tiba zake hazifanani. Nilimwomba anionyeshe zilizobaki kwenye kitana chake. Unywele uliong'oka huwa na kinundu cheupe upande wa shina, na urefu wake ni sawa na wa nywele nyingine. Mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku kwa njia hiyo. Aliyefumua rasta za mwezi mzima atatoa fungu la kutisha, kwa sababu zote zilizong'oka zilikuwa zimefungwa humo humo, na hilo peke yake si ugonjwa. Lakini nyingi za binti huyu hazikuwa na kinundu. Zilikuwa vipande, virefu kwa vifupi, vimekatika pande zote mbili.

Kisha nikapima zilizobaki kichwani. Nywele zetu hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa wengine pungufu kidogo, kwa hiyo kichwa chenye dawa kinasomeka kuanzia kwenye ngozi kwenda nchani. Sentimita 1.5 hivi za mwanzo zilikuwa nywele changa, za kipilipili, ambazo dawa haijazigusa. Sentimita kama moja inayofuata ilikuwa imepata dawa mara moja, ile ya ritachi. Kuanzia hapo mpaka mwisho, nywele zilikuwa zimepata dawa mara mbili ndani ya wiki 5, kwa sababu rafiki yake alipaka mizizini halafu akaichana dawa mpaka nchani "ili zilingane".

Visiki vya kisogoni vilikuwa na urefu wa sentimita 2.5 hadi 3. Maana yake zilikatikia palepale ambapo dawa ya pili iliikuta ya kwanza. Nilipouliza walianzia wapi kupaka, akasema kisogoni. Huko ndiko dawa ilikokaa muda mrefu kuliko kwingine. Visiki vya panjani vilikuwa vifupi zaidi, kama sentimita 1.5. Hizo zilikatikia mpakani, pale nywele changa zinapokutana na zilizonyooshwa. Urefu tofauti ulinionyesha kwamba kulikuwa na makosa mawili: moja lilikuwa limekwisha kutendeka na halirudi, la pili alikuwa analirudia kila asubuhi bila kujua.

Mwisho nikachukua unywele mmoja uliolowa, nikauvuta polepole kwa vidole. Wenye afya hurefuka kidogo na kurudi. Huu ulirefuka, ukalegea, ukakatika bila kurudi. Hiyo ni dalili kwamba umepoteza protini. Ungekatika papo hapo bila kurefuka, ningesema umekauka na unataka unyevu. Ni jaribio la dakika moja, na kila mwenye nywele za dawa anaweza kulifanya nyumbani kabla ya kukimbilia dukani kununua kopo jingine.

Dawa hufanya nini

Nyumbani kwao walisema dawa imemkataa. Wengine walimlaumu rafiki yake kwamba ana mkono mbaya. Sipendi maelezo hayo, kwa sababu yanamwacha mtu bila la kufanya.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na umbo la msokoto hushikiliwa na viungo vya salfa ndani yake. Dawa ya kunyoosha huvunja viungo hivyo na kuvigeuza kuwa vya aina nyingine. Kilichogeuzwa hakirudi, ndiyo maana sehemu iliyonyooka hubaki hivyo mpaka ikatwe. Kinachofanya kazi hiyo ni kemikali kali za jamii ya magadi. Katika dawa za saluni mara nyingi ni kostiki, ileile wanayoitumia watengeneza sabuni. Kwa kipimo cha pH, kinachoonyesha kitu kina asidi (chini ya 7) au ukali wa magadi (juu ya 7), maji safi ni 7, ngozi ya kichwa ni kama 5.5, na dawa hizi huwa 12 hadi 14.

Boksi alilonunua binti liliandikwa "No Lye", yaani haina kostiki, naye akaamini ni laini kiasi cha kutohitaji uangalifu. Hizo ndizo zenye kopo la krimu na kichupa cha maji unavyochanganya kabla ya kupaka. Kwenye krimu kuna kalisiamu, na inapochanganywa na kile kimiminika hupatikana kemikali nyingine yenye nguvu ileile ya kuvunja viungo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima dawa zinazouzwa madukani, zikiwemo za watoto, wakachapisha matokeo mwaka 2019: hata za "No Lye" zilikuwa na pH ya kuunguza ngozi. Zaidi ya hapo, aina hii huacha mabaki ya kalisiamu juu ya nywele, zikawa kavu na zisizong'aa hata zikipakwa mafuta.

Kuna jingine lililonisikitisha. Ndani ya boksi kulikuwa na shampuu ya kuzimua dawa, ile ambayo povu lake huwa la waridi maadamu dawa ingali kichwani, likawa jeupe dawa inapokwisha. Waliiweka akiba kwa sababu walidhani ni shampuu ya kawaida, wakasuuza kwa maji ya ndoo na sabuni waliyokuwa nayo. Ikiwa wewe ni mgeni wa dawa hizi na utakumbuka kitu kimoja tu kuhusu siku ya kupaka, basi kumbuka povu hilo. Osha, suuza, rudia mpaka liwe jeupe, hata kama maji ni ya kununua.

Kisha rasta. Nywele zilizotoka kwenye dawa zinataka angalau wiki mbili bila kuvutwa. Utafiti wa daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Afrika Kusini ulionyesha kwamba hatari ya kunyonyoka pembezoni kwa kuvutwa huwa kubwa zaidi pale msuko unapoongezwa juu ya nywele zenye dawa. Panja za binti zilikuwa zinasema hilohilo.

Alichokuwa akifanya nyumbani

Hapa ndipo nilipokaa naye muda mrefu, maana wiki zisizo na dawa ni nyingi kuliko siku za dawa.

Alikuwa anaosha mara moja kwa wiki mbili, kwa sabuni ya mche. Sabuni hiyo ina pH ya 9 hadi 10. Unywele una magamba madogo yaliyolaliana, na sabuni ya namna hiyo huyafungua. Kwenye nywele za dawa ambazo magamba yake tayari yameinuka, zinakwaruzana na kufungamana. Maji yake yalikuwa ya kisima. Sehemu nyingi za Dar visima vina chumvi na madini mengi, tofauti na maji ya bomba yanayotoka Mto Ruvu. Nilimuuliza kama sabuni inatoa povu vizuri, na kama birika lao lina ukoko mweupe ndani. Povu halitoki, ukoko upo. Basi juu ya kalisiamu iliyoachwa na dawa alikuwa anaongeza nyingine kila anapoosha.

Kwa kuwa nywele zilibaki kavu, alipaka mafuta mgando kwa wingi. Mafuta hayo hayaingii ndani ya unywele. Yanafunika. Ukifunika unywele uliolowa umezuia unyevu usitoke, na hilo ni jema. Ukifunika mkavu, umezuia maji yasiingie, na vumbi la barabarani linanasa juu yake.

Kila asubuhi alipitisha pasi ya nywele kwenye mizizi "ilale", juu ya mafuta hayo, kwa pasi isiyo na kipimo cha joto. Halafu akachana kwa kitana chembamba kuanzia mizizini kwenda chini, akapaka jeli, akabana nyuma kwa raba bendi, vute nikuvute, mpaka ngozi ya kipaji imekaza. Usiku alilalia foronya ya pamba bila kitambaa.

Ukiunga kamba ya katani na uzi wa kushonea kisha ukavuta, haitakatika katani. Ndivyo ilivyo mpakani: juu kuna nywele changa zenye nguvu na msokoto wake, chini kuna iliyonyooshwa na kupoteza sehemu ya nguvu zake. Kitana kinachoshuka kutoka kwenye mizizi hukwama hapo hapo. Raba bendi huvuta hapo hapo. Pasi huunguza hapo hapo. Kadiri wiki zinavyosogea mpaka huo unazidi kuwa hatarini, kwa sababu sehemu changa inarefuka na ugomvi kati ya msokoto na mnyoosho unaongezeka. Mtu anayeanza huona mizizi imekuwa migumu, akaongeza nguvu ya mkono, wakati ambapo ilipaswa kupunguzwa.

Siku ya kwanza

Alikuwa ameshauriwa na saluni ya jirani aweke kalikiti, dawa ya kutia nywele mawimbi, ili "zirudi laini". Nilimwomba asithubutu. Kalikiti hufanya kazi kwa kemikali ya jamii nyingine kabisa, na ukiipaka kwenye nywele zilizokwisha kunyooshwa kwa dawa hizi, unaweza kuzisuuza zikaondoka na maji. Mama yake alishauri anyoe zote aanze upya. Huo si ushauri wa kubeza, na kwa kichwa kilichoharibika zaidi ningeuunga mkono. Binti hakutaka, na ngozi yake haikuwa na kidonda, basi tukakubaliana kuziokoa zinazookoleka.

Tulianza na mafuta ya nazi, kidogo, kwenye nywele zenyewe, nusu saa kabla ya kuosha. Bibi zetu walifanya hivyo siku zote, na mwaka 2003 watafiti wa India walionyesha sababu: mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti na mafuta ya madini hayakuweza. Kisha shampuu ya kuondoa madini, mara moja, kwa vidole kwenye ngozi na si kwa kusugua nywele zote juu ya kichwa. Baada ya hapo tritimenti ya protini. Alikuwa amejaribu yai bichi na mayonezi nyumbani. Protini ya yai ni kubwa mno kupenya kwenye unywele. Hukaa juu, husuuzwa, hubaki harufu. Inayofaa ni ile iliyokatwakatwa kiwandani, na kwenye kopo utaona neno "hydrolyzed". Juu yake tukapaka kondishena nzito ya unyevu, kwa sababu protini peke yake hukakamaza, tukafunika kofia ya nailoni na kumweka chini ya draya dakika 20.

Kuchana kulikuja wakati kondishena ingali kichwani: chanuo la meno mapana, kuanzia nchani, kupanda kidogokidogo, mkono mmoja umeshika unywele juu ya pale unapochana ili mvuto usifike mpakani. Nilimpa chanuo afanye mwenyewe nusu ya kichwa, maana ni yeye atakayefanya kila wiki. Nikakata ncha zilizochanika. Alihuzunika, na nilimwelewa, lakini ncha iliyopasuka huendelea kupasuka kupanda juu. Tukamaliza kwa rola na draya ya joto la wastani. Zilinyooka vya kutosha bila pasi kugusa popote.

Wiki zilizofuata

Nilimpa utaratibu mwepesi, unaolingana na mfuko wa mwanafunzi.

Aoshe kila wiki. Wapo wanaodhani nywele za dawa zikioshwa mara kwa mara zinaharibika, lakini kwa joto la Dar, hasa Desemba hadi Machi, jasho na chumvi yake hubaki kwenye ngozi, mba hukaa, mtu hujikuna, na ngozi iliyokwaruzwa itaungua siku ya dawa. Atumie shampuu laini, na ile ya kuondoa madini mara moja tu kwa mwezi kwa sababu nayo hukausha. Maji ya kisima anaweza kuoshea, ila ya mwisho ya kusuuzia yawe ya bomba au ya mvua, ndoo moja inatosha. Kuchemsha maji hupunguza madini yanayoganda kwenye birika, lakini chumvi haiondoki.

Kondishena kila anapoosha. Tritimenti ya protini kila baada ya wiki 4, si zaidi, kwa sababu aliyezidisha protini hupata nywele ngumu zinazokatika kama zile zilizokosa. Akikausha afyonze kwa fulana kuukuu ya pamba badala ya kusugua kwa taulo. Nywele zikiwa na unyevu bado, apake kondishena ya kuacha kichwani kisha tone la mafuta juu yake, ya nazi au ya nyonyo. Ule mgando aliokuwa nao hatukuutupa. Utatumika kukinga kipaji na masikio siku ya ritachi.

Pasi tuliiondoa kabisa mpaka ritachi. Baadaye, akitaka, iwe mara moja baada ya kuosha, nywele zikiwa zimekauka kabisa na zimepakwa kinga ya joto, pasi yenye kipimo, isizidi digrii 180. Ukipitisha pasi kwenye nywele mbichi maji yanachemkia ndani ya unywele wenyewe.

Kubana ndilo lilikuwa gumu kwake, kwa kuwa mizizi ilikuwa imevimba na hakutaka kwenda chuoni hivyo. Tulipata njia: usiku alowanishe pembezoni kidogo, azilaze kwa kiganja, afunge kitambaa cha satini, na asubuhi zinakuwa zimelala zenyewe. Nyuma anabana kwa kibanio cha kitambaa, chini na kwa ulegevu, akibadilisha mahali pa kubana. Kitambaa hichohicho ndicho cha kulalia. Hakuna kilichomsaidia kwa bei ndogo kuliko hicho.

Ritachi iliyofuata

Tuliifanya wiki ya 11. Kwa kawaida nashauri wiki 8 hadi 12, na kwa anayeanza nasukuma kuelekea 12. Nywele changa zikiwa fupi sana ni vigumu hata kwa fundi mzoefu kuzipaka bila kugusa za zamani, na kugusa za zamani ndiko kulikoleta visiki vya kisogoni.

Kuna sababu nyingine, na nilimweleza bila kumtisha. Oktoba 2022 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Kwa kadirio la watafiti, hadi umri wa miaka 70 ni asilimia 1.64 kwa wasiotumia na 4.05 kwa watumiaji wa mara kwa mara. Utafiti wa namna hii huonyesha uhusiano tu, hauthibitishi chanzo, na haukutenganisha kila aina ya dawa. Lakini ukiritachi kila wiki 5 unafika mara 10 kwa mwaka, na ukingoja wiki 12 unabaki na 4. Binti aliuliza kama aache kabisa. Nikamwambia hilo ni lake kuamua, na akiamua, mpaka huu huu ndio atakaoulinda kwa miezi mingi zaidi.

Siku tatu kabla hakuosha wala hakujikuna. Alipofika nilipaka mafuta mgando kipaji, masikio na shingo, kondishena kwenye nywele za zamani ili dawa ikiteleza isizishike, na dawa kwenye sehemu changa peke yake. Kisogoni nilimalizia badala ya kuanzia. Alipoanza kusikia moto kidogo sikumwambia avumilie. Nikaanza kuosha pale pale. Povu lilikuwa la waridi mara mbili, la tatu likatoka jeupe.

Vipande kwenye kitana vilikuwa vimepungua sana kufikia siku hiyo, na zilizotoka nyingi zilikuwa na kinundu. Kisogoni bado ni pafupi, na patabaki hivyo kwa muda kwa sababu kilichokatika hakiungwi. Sehemu iliyopata dawa mara mbili tutaipunguza kidogo kila ritachi mpaka iishe. Panja ya kulia imejaa vinywele vipya. Ya kushoto, upande anaopenda kulalia, bado ni nyembamba, na nimemwambia kwamba ikifika ritachi ijayo haijabadilika, au ngozi ya pale ikianza kung'aa, aende kwa daktari wa ngozi kabla ya kuja kwangu.